Kahawa tungu ya dele: kununua buni na kuipika

Marikiti hapa Mombasa utapata kahawa iliyosagwa tayari na ya punje. Chukua punje, robo kilo tu. Ya unga hupoteza harufu haraka mno. Vunja punje moja: ndani ikiwa nyeupenyeupe na nje nyeusi, moto wa kuikaangia ulikuwa mkali, na kinywani itakuja na ladha ya majani mabichi.

Kwa lita moja ya maji, tia vijiko vikubwa sita vya kujaa vya kahawa uliyoisaga, kama gramu 45. Maji yachemke kwanza. Usijaze dele, yaani birika la kahawa, acha theluthi wazi, maana unga ukiingia hufura povu, mvuke unakwama chini yake na kahawa yote inamwagikia jikoni. Hapo ondoa makaa kadhaa, utie kijiko kimoja cha chai cha tangawizi kavu iliyotwangwa, na uache itokote taratibu dakika 10. Ikichemka kwa fujo hutoa uchungu mkavu unaokwaruza koo, ambao si utungu tunaoutaka. Iliki nne zilizopondwa hutiwa mwisho, la sivyo harufu yote huishia hewani.

Epua, ngoja dakika tano mashapo yatue, kisha mimina bila kutikisa.

Dele la shaba likague ndani: ule mpako mweupe wa bati ukichubuka, lipeleke likapakwe upya kabla ya kulitumia, kwani asidi ya kahawa huitafuna shaba.

Sukari haitiwi. Kashata na haluwa zina kazi gani?