Kumbukumbu ya mradi wetu: kutoka Mekong hadi Dong Van bila kupanda ndege

Mradi huu mimi na mume wangu tuliupanga kwa miaka miwili kwenye meza ya chakula nyumbani kwetu Morogoro, na masharti yake ni machache. Kutoka pale Mto Mekong unapotenganisha Thailand na Laos hadi nyanda za mawe za Dong Van, kaskazini kabisa mwa Vietnam, hatupandi ndege wala hatukodi gari. Kila kipande cha njia tunakipita kwa chombo kilekile ambacho wanakijiji wa hapo hukipanda kwenda sokoni au kuwaona ndugu zao, na pasipo na chombo tunatembea. Ninayoyaandika hapa nimeyanakili kutoka kwenye daftari la safari, makosa yetu yakiwamo.

Siku ya 1 na ya 2: Huay Xai hadi Luang Prabang

Tulivuka daraja la Mekong asubuhi, tukapanda mashua ya abiria pale Huay Xai, upande wa Laos. Ni chombo cha mbao, kirefu na chembamba, na viti vyake vingi vimeng'olewa kwenye magari chakavu. Safari huchukua siku mbili kwa sababu mashua hailali majini. Usiku abiria wote hushuka Pak Beng, mji mdogo ulioshikilia mteremko wa mlima. Njiani mashua ilikuwa ikielekezwa kwenye mchanga mtupu usio na gati wala kibao, anashuka mama na gunia la mchele na kuku wawili, kisha tunaendelea.

Siku ya pili jioni tulipita mapango ya Pak Ou, yenye maelfu ya sanamu za Buddha, na mkabala wake nikauona mdomo wa Nam Ou. Huo ndio mto tuliokuwa tumeujengea mradi mzima. Kwenye ramani yetu ya zamani, mtu alitoka Luang Prabang akaupanda mto huo kwa mashua siku baada ya siku hadi Hat Sa, karibu na Phongsaly. Njia hiyo sasa imekatika. Nam Ou, wenye urefu wa kilomita 450 hivi, una mabwawa 7 ya kuzalisha umeme yaliyojengwa na kampuni ya China, la kwanza likianza kazi katika muongo uliopita na ya mwisho yakikamilika mwaka 2021. Yote kwa pamoja yana uwezo wa megawati 1,272. Sisi tunatoka nchi iliyojenga bwawa la megawati 2,115 kwenye Rufiji, na umeme wake tunautumia, hivyo siwezi kusimama kwenye ukingo wa mto wa watu wengine nikawaambia wangebaki gizani. Ninachosema ni kwamba mto uliokuwa barabara kuu ya watu hawa umegeuka kuwa vipande, na msafiri anayetaka kuuelewa hana budi kuvifuata kimoja kimoja.

Siku ya 5 hadi ya 11: Nong Khiaw na Muang Ngoi

Kwa hiyo kilomita 140 za kwanza tulizipita kwa basi dogo. Nong Khiaw iko chini ya majabali ya chokaa yanayosimama wima pande zote mbili za mto, na tulipanga chumba kwenye nyumba ya nguzo kwa siku nne badala ya moja, kwa sababu nilikuta jambo ambalo sikutaka kuliacha.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa akitengeneza kaipen. Ni mwani wa kijani, laini kama nywele, unaoota juu ya mawe kwenye maji safi, mafupi na yanayotembea, majira ya kiangazi. Aliuosha mara nyingi hadi mchanga wote ukatoka, akautandaza juu ya kichanja cha majani ukawa mwembamba kiasi cha kuuona mwanga upande wa pili, akanyunyiza ufuta, akapanga vipande vya kitunguu saumu na nyanya vilivyokatwa vyembamba, kisha akauanika juani. Jioni aliukaanga kwa sekunde chache tu, tukaula pamoja na wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi. Wali huo huliwa kwa mkono: unamega tonge, unalibonyeza, unachovya kwenye kachumbari ya pilipili iliyotwangwa. Mume wangu alimega tonge lake kama anavyomega ugali, na yule mama akacheka kwa furaha, akamsogezea kikapu kizima. Kwa msaada wa kijana wake aliyejua Kiingereza kidogo, alitueleza kwamba siku hizi hutembea mbali zaidi kutafuta mawe yenye mwani, kwa kuwa mahali maji yalipokuwa mafupi sasa ni kina.

Kutoka hapo hadi Muang Ngoi mashua bado zinakwenda, mwendo wa saa moja. Kijijini humo niliona vitu vilivyonikalisha kimya: maganda ya mabomu yamesimamishwa kuwa nguzo za uzio, mengine yamejazwa udongo na kupandwa vitunguu. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliidondoshea Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na karibu na Nong Khiaw lipo pango la Pha Thok ambamo wanakijiji walijificha. Mabomu madogo mengi hayakulipuka na bado yamo ardhini. Kwa sababu hiyo tulijiwekea sharti jingine: hatuachi kijia kilichokanyagwa na watu, hata kwa ajili ya kujisaidia.

Siku ya 12 hadi ya 18: Muang Khua

Kutoka Nong Khiaw tulizunguka kwa barabara kupitia Oudomxay. Sehemu ya mwisho tulipanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Jina lenyewe maana yake ni safu mbili. Waliokuwa Dar es Salaam enzi za chai maharage, daladala za pikapu zenye mabenchi ya namna hiyo, hawatahitaji maelezo zaidi.

Hapa ndipo tulipolipia uzembe wetu. Viza ya mtandaoni ya Vietnam, ambayo tangu Agosti 2023 hutolewa kwa raia wa nchi zote na kwa muda wa hadi siku 90, huandikwa jina la lango utakaloingilia. Mimi ndiye niliyejaza fomu, na nilichagua lango jingine la kusini zaidi, kutokana na mpango tuliokwisha kuuacha. Niligundua kosa nikiwa nimekwisha kuulizia tiketi za basi. Tuliomba upya kwa lango la Tay Trang, tukalipa tena dola 25 kila mmoja, tukasubiri siku tano. Mume wangu hakunilaumu hata mara moja, naye ndiye mtunza fedha. Kila asubuhi tulitembea hadi pale mto Nam Phak unapoingia Nam Ou, tukakaa na waendesha mashua waliobaki. Mmoja wao, mzee, alituonyesha kwa vidole vya mkono wake mabwawa yalipo: dole gumba ni mdomo wa mto, na kila kiungo ni ukuta. Niliuchora mkono huo kwenye daftari, na ndiyo ramani bora tuliyonayo ya Nam Ou.

Siku ya 19 hadi ya 26: Dien Bien Phu na milima ya magharibi

Basi lilivuka Tay Trang bila tatizo, na mchana tulikuwa kwenye bonde la Muong Thanh, ambako Wafaransa walizingirwa kuanzia Machi 13, 1954, wakasalimu amri Mei 7. Kilichonivutia zaidi ni baiskeli za wachukuzi wa jeshi la Kivietnam lililowazingira. Walifunga kijiti cha mwanzi kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, wakasukuma mizigo ya zaidi ya kilo 200 milimani. Yeyote aliyewaona wauza mkaa wa kwetu wakiteremka na magunia atauelewa ufundi huo kwa kuutazama tu. Lai Chau na Lao Cai tulizipita haraka. Mabasi ni mengi na barabara ni nzuri.

Siku ya 29 hadi ya 32: Dong Van

Barabara ya kutoka Ha Giang hadi Meo Vac, kilomita 185 hivi, ilijengwa kwa mikono kati ya 1959 na 1965. Kwenye pito la Ma Pi Leng wafanyakazi walining'inia kwa kamba kwa miezi 11 wakichonga jabali, huku Mto Nho Que ukiwa mbali chini yao. Tuliona si haki kuipita sehemu hiyo ndani ya basi, hivyo tulitembea kutoka Dong Van hadi Meo Vac, kilomita 20 na kitu, mabegi mgongoni.

Pande zote ni mawe meusi, na katika kila tundu lenye udongo, hata la ukubwa wa sufuria, wakulima wa kabila la Wahmong hupanda mahindi. Udongo wenyewe mara nyingi hubebwa kwa vikapu. Tuliomba maji kwenye nyumba moja ya udongo, tukakuta baba na mama wanasaga. Jiwe la kusagia lina mpini mrefu wa mti: mmoja anausukuma na kuuvuta, mwingine anatia mahindi tunduni kiganja kwa kiganja, na akikosea wakati mpini unamgonga mkono. Walitupa nafasi. Mume wangu alishika mpini, mimi nikatia mahindi, na tulichukua muda mrefu kabla ya kupata mwendo mmoja. Unga huchekechwa, hunyunyizwa maji, hupikwa kwa mvuke, huvunjwavunjwa, kisha hurudishwa kwenye mvuke mara ya pili. Chakula hicho huitwa men men. Hakishikani kama ugali, ila harufu yake ni ileile, na mume wangu alifumba macho alipoinusa.

Tulisaga kwa saa moja na nusu, tukapata unga wa mlo mmoja wa watu saba.