Ametangulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii ilikuwa iwe ya Zaburi ya 23, na nilishaandika nusu yake. Nimeiweka kando. Aliyenivurugia ni binti yangu.

Anacheza mpira wa kikapu shuleni kwao, na ukutani chumbani kwake kuna picha ya JuJu Watkins, nyota wa mchezo huo katika vyuo vya Marekani. Machi 2025, JuJu alipokatika kano ya goti katika mechi na Mississippi State, mtoto alisusa chakula kana kwamba tumefiwa. Sasa juma hili mwalimu kawapa kazi: waandike juu ya mchezaji wa chuo ambaye timu yake ilimpoteza. Nikajua ni JuJu tu. Akanijibu, "Hapana, Mama. Goti linapona." Akamchagua Lauren Hill.

Wakongwe wa hapa Cincinnati mtamkumbuka. Alikuwa binti wa jimbo jirani hapa, Indiana, jezi namba 22, aliyekubaliwa kuchezea Chuo Kikuu cha Mount St. Joseph. Muda mfupi baada ya kutimiza miaka 18 akaonekana ana uvimbe kwenye shina la ubongo, ule unaoitwa DIPG, usiofanyiwa upasuaji na usio na tiba. Hata hivyo alianza masomo, akaenda mazoezini na wenzake. Septemba 2014 madaktari wakasema huenda asiuone mwaka mpya. Yeye alichotaka ni kitu kimoja: acheze mechi moja ya chuo.

Mechi ya kwanza ilikuwa katikati ya Novemba, ugenini, kwenye chuo cha Hiram huko kaskazini mwa Ohio. Hapo ndipo binti yangu aliponisomea jambo lililonikosesha usingizi. Waliiwahisha mechi. Wasimamizi wa michezo ya vyuo wenye kanuni zao zisizopinda, wakapinda. Hiram, ambao ndio waliokuwa wenyeji, wakaacha uwanja wao wakafunga safari kuja kwetu. Ukumbi wa Mount St. Joseph ukaonekana mdogo, wakaazima ule wa Chuo Kikuu cha Xavier, Cintas Center. Tarehe 2 Novemba watu zaidi ya 10,000 wakajaa kutazama timu ya daraja la tatu la vyuo, mechi ambayo siku nyingine ingetazamwa na wazazi na marafiki wachache.

Ugonjwa ulikuwa umedhoofisha upande wake wa kulia, na yeye ni wa mkono wa kulia. Mpira ulipoanza tu, akapewa pasi karibu kabisa na kikapu, akafunga kwa mkono wa kushoto. Mwishoni akarudishwa uwanjani, akafunga tena, safari hii kwa mkono wa kulia. Mount St. Joseph wakashinda 66 kwa 55. Alicheza mechi nne tu maishani mwake za chuo, akafunga pointi 10. Tarehe 10 Aprili 2015 akafariki, ana miaka 19, akiwa amesaidia kuchangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa ule.

Nilipomaliza kusikiliza nikafungua Marko 14. Mwanamke na kibweta chake cha marhamu ya nardo, nyumbani kwa Simoni mkoma. Waliochukizwa walikuwepo, wakipiga hesabu ya dinari mia tatu (watu wa bajeti hawakosekani katika kanisa lolote). Bwana akasema, "Ametenda alivyoweza, ametangulia kuupaka mwili wangu marhamu kwa ajili ya maziko."

Ametangulia. Kwetu neno hilo ni la msibani. Ukisikia fulani ametangulia, unajua turubai linafungwa na viti vinaazimwa. Bwana analitumia kwa mtu aliye hai anayemtendea aliye hai. Mama yule aliyawahisha maziko, ili anayezikwa asikie harufu ya marhamu.

Geuza kurasa ufike sura ya 16. Wanawake watatu wananunua manukato, wanakwenda kaburini alfajiri na mapema, jua likianza kuchomoza. Wamewahi kuamka, na bado wamechelewa. Siwalaumu, maana walichokikuta kilizidi walichokibeba. Ila manukato yale hayakumgusa Bwana. Yaliyomgusa ni ya yule aliyesemwa vibaya mezani.

Sasa niseme yangu. Mnamjua dada yetu tuliyesafirisha mwili wake mwezi uliopita. Wiki nne kabla hajafa alinipigia simu: "Mdogo wangu, nina hamu ya matembele. Njoo unipikie, tukae tu." Nikamwambia, "Jumamosi, dada." Jumamosi ya kwanza kazini waliniongezea saa. Ya pili theluji. Ya tatu sina hata sababu ya kuwapa, nililala. Ya nne nilikuwa jikoni kwake kweli, napika, lakini napikia waombolezaji. Pilau. Matembele niliyokuwa nimeyanunua yako kwenye friza yangu hadi leo, sina ujasiri wa kuyala wala kuyatupa.

Nami nikatoa mchango. Dola 200, jina langu la tatu kwenye orodha, na Mungu anisamehe, niliangalia kama wengine wameliona.

Wapendwa, mtanisamehe, lakini hili nalisema kwa sababu nimo ndani yake. Januari, mweka hazina wetu aliandika kwenye grupu kwamba dada anahitaji mtu wa kumpeleka kliniki kila Alhamisi. Tulituma picha za mikono ya maombi 31. Nimezihesabu jana. Dereva alipatikana mmoja. Tangazo la msiba lilipotoka saa sita usiku, hadi alfajiri ahadi zilishafika dola 9,000. Watu waliomba ruhusa kazini. Mtu aliendesha gari kutoka Kentucky, mwingine kutoka Michigan. Vitenge vya sare vilipatikana kwa siku mbili. Kumbe ruhusa zinaombeka! Kumbe magari yapo, na mafuta yapo!

Kusafirisha mwili ni wajibu, wala sisemi tuache. Lakini tumekuwa watu ambao mgonjwa wetu lazima afe kwanza ndipo tumtembelee. Bwana hakusema, "Nalikuwa maiti, mkanichangia." Alisema, "Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Nasi wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama ndio wa kwanza kukosa. Tunajua kupanga kamati ya mazishi ndani ya saa moja, na kamati ya wagonjwa haijawahi kukaa hata mara moja tangu ushirika huu uanze. Wachezaji wa Hiram hawakuwa hata ndugu zake yule binti. Walikuwa wapinzani! Wakaacha uwanja wao.

Nilitaka niseme pia juu ya kuzihesabu siku zetu, Zaburi ya 90, lakini hiyo isubiri.

Mzee wetu anayesafishwa damu yuko kliniki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na anaporudi huwa hoi, asisumbuliwe. Siku nyingine yuko nyumbani peke yake tangu asubuhi mpaka mwanawe atoke kazini. Chumvi hatakiwi, ndizi na maharage msimpelekee bila kumuuliza mwanawe kwanza. Anapenda kusomewa Isaya, na anapenda kubishana juu ya mpira. Mimi nimebadilishana zamu, nitakuwa kwake Jumanne saa nne asubuhi. Alhamisi na Jumamosi hazina mtu. Pitieni mlango wa nyuma. Kengele ni mbovu, na masikio yake siku hizi ni mazito, kwa hiyo gongeni kwa nguvu.