Kiazi, Kidole na Ukungu wa Masika

Kwa miaka yote niliyoendesha gari Mombasa, kilichonihangaisha zaidi hakikuwa malori ya Changamwe wala tuktuk zinazokata kona bila ishara, bali ukungu wa kioo cha mbele, ambao kila masika, tangu Machi hadi Mei, ulinifanya niendeshe kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia.

Ushauri niliopewa ungejaza buti. Mmoja alitaka niwashe taa za dharura huku naenda, kana kwamba walio nyuma wangejua nitapinda upande gani. Mzee jirani naye aliniapia kwamba nikisugua kioo kwa kiazi kibichi kilichokatwa, ukungu hautakisogelea tena. Nikamaliza viazi viwili, ndani na nje. Siku ya pili mvua ilinikuta katikati ya daraja la Nyali. Waipa zikakoroga wanga na maji, kioo kikawa kama kimepakwa uji, na taa za matatu iliyonitangulia zikabaki madoa mekundu nisiyojua yako karibu au mbali. Nilitoa kichwa dirishani hadi Kongowea, kanzu imeloa, honi zinanifuata. Nilipofika nyumbani mke wangu alilitazama gari akauliza, “Bwana wangu, hili ni gari au ni viazi karai?”

Kidole ndicho kilichonitoa gizani. Nilikipitisha kwenye kioo kwa ndani, ukungu haukufutika. Nikawasha waipa, ukaondoka. Kumbe ulikuwa nje! Nilikuwa nimeelekeza baridi yote ya kiyoyozi kwenye kioo, kikapoa, na hewa yetu ya pwani yenye joto na unyevu ikikigusa inageuka maji, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Siku hizi ukungu ukiwa nje napunguza baridi na kupeleka hewa miguuni; ukiwa ndani, hasa nikipakia watu walioloa, nawasha kiyoyozi kikipulize kioo na kuruhusu hewa ya nje iingie. Mipira ya waipa nayo, iliyokaushwa na jua la kaskazi, niliibadilisha kwa mia chache tu, na mvua ya kwanza ikinyesha napita Kibarani polepole, kwa sababu maji huinua mafuta na vumbi la miezi ya kiangazi na lami ikawa telezi.

Mzee jirani bado anashikilia kwamba kosa langu lilikuwa kununua viazi vya zamani.