Fundi wa Kucha Hupimwa Siku ya Kuondoa

Nimefikia kuamini kwamba fundi wa kucha za jeli, ile rangi inayogandishwa kwa taa, hajulikani siku anapopaka rangi, bali siku anapoiondoa. Hapa Kampala saluni nyingi huwavuta wateja kwa picha za kucha zinazong'aa, zilizobandikwa ukutani au kuhifadhiwa kwenye simu ya fundi, na ni kweli kwamba picha hizo hueleza jambo kuhusu wepesi wa mkono wake. Hata hivyo, sijaona saluni inayobandika picha ya ukucha mtupu baada ya wiki tatu, jeli ikiwa imekwisha kutolewa. Jana nilikwenda Ntinda, kwenye saluni niliyoizoea, kubadilisha rangi, na kwa kuwa nilikaa kitini muda mrefu nikiitazama kazi hiyo kwa makini, nimeona niyaandike haya kabla hayajanitoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Mchana mikono yangu iko kwenye chaki, kifutio na madaftari, na jioni iko kwenye maji ya vyombo. Rangi ya kawaida hainidumu hata kidogo, kwani huanza kubanduka kwenye ncha kabla wiki haijaisha, na mwalimu anayeuelekezea ubao kidole chenye rangi iliyomenyuka hutazamwa kidole badala ya sentensi. Jeli hukaa wiki mbili bila kupoteza mng'ao, na mara nyingi hufika ya tatu, mpaka pale ukucha mpya unapochomoza chini na kuacha pengo linaloonekana. Kwangu gharama yake inalipa.

Kuondoa kulianza kwa tupa. Fundi aliusugua uso wa jeli taratibu, ukucha baada ya ukucha, mpaka mng'ao wote ukapotea na kubaki rangi iliyofifia yenye vumbi. Anafanya hivyo kwa sababu tabaka la juu ndilo gumu kuliko yote, na asetoni, kiyeyushi cha kutolea rangi, hailipenyi kwa urahisi lisipokwaruzwa kwanza. Kisha alinipaka mafuta ya mgando kuzunguka kila ukucha ili ngozi isikauke, akakata vipande vidogo vya pamba kwa kipimo cha kucha zangu, akaviloweka katika asetoni, akavilaza juu ya kucha na kukifunga kila kidole kwa foili, ileile tunayofungia chakula. Baada ya hapo hakuna kazi nyingine ila kungoja dakika 10 hadi 15, na ni katika dakika hizo ambapo mafundi hutengana. Mwenye haraka hufungua mapema na kuanza kukwangua. Huyu wangu alifungua kidole kimoja tu kwanza, akakijaribu kwa kijiti cha mti chenye ncha bapa. Jeli iliyolowa vya kutosha hujikunja yenyewe na kunyanyuka kwa vipande laini, bila kusukumwa. Ya kidole gumba ilikataa, naye akakifunga upya kwa pamba mpya.

"Nnyabo, nivumilie kidogo," aliniambia, akiniita "bibi" kwa Kiganda. "Nikilazimisha hapa, nitaondoka na ukucha wako."

Aliyoyasema ni kweli tupu. Ukucha ni matabaka membamba ya protini iitwayo keratini, yaliyolaliana na kushikamana, na jeli hukamata lile la juu kabisa. Ikibanduliwa kwa nguvu, huondoka na tabaka hilo. Sehemu ya ukucha tunayoiona haina uhai, kwa hiyo haijitibu kidonda chake jinsi ngozi inavyofanya. Palipoharibika hubaki hivyo mpaka pasukumwe mbele na ukucha mpya na kukatwa. Kucha za mikono hukua kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, maana yake kosa la dakika moja huhitaji karibu nusu mwaka kutoweka.

Nusu mwaka huo niliuonja mwenyewe. Katika saluni moja ya katikati ya mji, ambayo sina haja ya kuitaja, msichana aliyekuwa akinihudumia aliona wateja wamejaa mlangoni, akaingiza ncha ya chuma chini ya jeli na kuivuta. Kucha zangu zilibaki na madoa meupe yaliyokwaruzika, zikawa laini kiasi cha kujikunja nilipofungua kifungo cha shati, na maji ya moto yalinichoma vidoleni. Tangu hapo, ninapowasikia wenzangu katika chumba cha walimu wakisema kwamba jeli huharibu kucha, huwa nawaomba wanieleze namna ilivyotolewa. Mara nyingi jibu ni kwamba waliing'oa wenyewe nyumbani kwa meno, au fundi aliisugua yote kwa mashine mpaka akaufikia ukucha. Wengine huamini kwamba kucha zinahitaji kupumzishwa ili zipumue. Kucha hazipumui, lishe yake hutoka kwenye damu iliyo chini ya ngozi, pale zinapoanzia. Zinachohitaji baada ya asetoni ni mafuta, na nazi yetu ya kawaida inatosha.

Ugumu wa kuiondoa jeli unatokana na kilekile kinachoifanya idumu. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kiyeyushi chake hupotelea hewani, lakini jeli ina molekuli za jamii ya akrilati pamoja na kemikali inayoamshwa na mwanga, na ikimulikwa molekuli hizo hushikana na kuwa wavu mmoja mgumu. Ujuzi huu una undugu na kazi ya madaktari wa meno: mwaka 1954 daktari wa meno wa Philadelphia, Frederick Slack, alitumia akriliki ya kazini kwake kuutengeneza ukucha wake uliovunjika, na mwaka 2010 kampuni ya CND ilitoa Shellac, bidhaa iliyoufanya upakaji wa jeli kwa brashi ujulikane sana katika saluni.

Baada ya kucha zangu kusafishwa na kufutwa mafuta kwa spiriti, fundi alipaka tabaka la msingi, mawili ya rangi na moja la juu, yote membamba sana, na kila moja likaingia chini ya taa ya LED kwa sekunde 60. Kwa nini membamba? Mwanga haufiki chini ya rangi nene, na hivyo juu huwa pagumu ilhali chini pamebaki pabichi. Jambo hilohilo hutokea taa inapokuwa dhaifu. Katika mji wetu, ambapo umeme huweza kukatika katikati ya kazi, mafundi wengi wana taa za betri, nazo ni msaada mkubwa, lakini betri inayokaribia kwisha huwaka bila kugandisha sawasawa. Fundi wangu huichaji taa yake kila usiku, na sitaki kulichukulia hilo kuwa jambo dogo.

Ubichi huo ndio hatari ninayoiogopa kuliko zote, kuliko hata ile ya mwanga ambayo watu huizungumzia zaidi. Kuhusu mwanga nitasema machache: taa hizi hutoa miale ya urujuanimno, na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba miale hiyo huua na kudhuru seli, ingawa zilikuwa seli za maabara, si mikono ya watu. Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kupaka krimu ya kukinga jua au kuvaa glavu zilizokatwa ncha. Mimi hupaka krimu kabla ya kutoka nyumbani.

Jeli mbichi inapogusa ngozi mara kwa mara, mwili huweza kuikataa. Kemikali inayotajwa sana katika mzio huu ni HEMA, ya jamii ileile ya akrilati. Vidole huwasha, ngozi inayozunguka kucha huvimba na kuchubuka, na wakati mwingine ukucha hunyanyuka kutoka mahali pake. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hubaki maisha yote, na kwa kuwa kemikali za jamii hiyo hutumiwa pia kuzibia meno na kushikiza viungo vya bandia, aliyeupata saluni anaweza kukutana nao tena hospitalini. Ndiyo maana nilifurahi kumwona fundi akilifuta kwa kijiti kila tone lililogusa ngozi yangu kabla hajaniruhusu kuingiza mkono chini ya taa.

Lakini mimi huketi pale mara moja kwa wiki kadhaa, naye huketi pale kutwa. Vumbi la tupa humwangukia mapajani na kuingia puani, harufu ya asetoni haitoki katika chumba chenye dirisha moja, na jeli ambayo mimi huogopa tone lake yeye huishika tangu asubuhi. Hofu yangu kwa ajili yake ni kubwa kuliko ninayojihofia mwenyewe. Glavu nyembamba za kawaida hupenywa upesi na akrilati. Za nitrili, aina ya mpira wa kiwandani, ni afadhali, nazo pia hutakiwa kubadilishwa mara kwa mara. Tulizungumza pia juu ya TPO, kemikali ya kuamsha ugandaji ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Tulizigeuza chupa zake moja moja tukasoma maandishi ya nyuma, na mbili zilizokuwa na jina hilo alizitenga. Chupa zisizo na maandishi yoyote, alisema, alikwisha kuacha kuzinunua.

Jeli si ya kila mtu, na hilo nalo linatokana na ugumu wa kuiondoa. Jirani yangu Mwislamu haipaki, kwa kuwa maji ya udhu lazima yafike kwenye ukucha, na rangi isiyotoka upesi haipatani na swala tano. Yeye hutumia hina halisi, ambayo huacha rangi bila kuweka tabaka, na huikwepa ile nyeusi ya dukani iliyochanganywa na kemikali za kutia nywele rangi. Kucha zake, lazima niseme, ni nzuri kuliko zangu.

Nilipouliza kwa nini mafundi wengi hubandua kwa haraka, jibu la fundi wangu lilikuwa wazi: kuondoa hakulipwi. Saluni nyingi humwondolea bure mteja anayepaka upya, na fundi anayelipwa kwa idadi ya wateja huziona dakika hizo 15 za foili kuwa mshahara unaopotea. Tukitaka kazi ya subira, sharti subira hiyo iwe na bei. Jana nililipa shilingi 30,000 za kupaka na nyingine 10,000 za kuondoa, ingawa bango la ukutani halikuzitaja, nikamwomba mwenye saluni aiandike bei hiyo ili wateja wengine nao waizoee. Alisema atalifikiria. Boksi la glavu za nitrili nitalinunua duka la dawa Jumamosi nimpelekee fundi.