Siku yangu hupangwa na basi na boti: kuchora lebo Kigoma

Saa 11:30 alfajiri. Simu iko chumba cha pili kwenye chaji na itaendelea kukaa huko hadi nitakapotoka. Ninachofungua kwanza ni daftari la kaunta lenye safu nne: mteja, alicholipa, anachodaiwa, na chombo kitakachobeba mzigo wake. Hiyo safu ya nne ndiyo bosi wangu.

Nachora lebo za bidhaa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Chupa za mawese, pakiti za dagaa, sabuni, asali ya Kibondo na Kasulu. Stika nachapisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa, na zinarudi kwa basi. Mteja wa vijiji vya kaskazini mwa ziwa, kama Kagunga, mzigo wake unapanda boti Kibirizi. Ndiyo maana orodha ndefu za "mambo ya kufanya leo" hazijawahi kunisaidia. Najiuliza kipi lazima kiwe ndani ya chombo gani, siku gani, halafu nahesabu kurudi nyuma. Mteja akisema kazi ni ya haraka, namuuliza anaitaka mkononi lini na akiwa wapi. Haraka nyingi zinaishia kwenye swali hilo.

Saa 12:30 niko stendi ya Masanga kuchukua kifurushi. Nakifungua palepale, bila aibu, kabla sijasaini. Nabandua stika moja, naangalia rangi, halafu naipitisha barkodi kwenye simu. Namba zake ziko 13 na zinaanza na 620, namba ya waliosajili barkodi zao Tanzania. Haimaanishi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, ingawa wengi wanaisoma hivyo. Ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile 12 za mbele, hivyo tarakimu moja ikikosewa mashine ya supamaketi inagoma kusoma. Ni heri igomee stendi mikononi mwangu.

Saa 1:30 hadi 4:30 nachora. Hizi ndizo saa zinazonilisha, zilizobaki ni za kuzilinda hizi. WhatsApp Business inajibu yenyewe: "Nipo kazini, nitakupigia saa 4:30." Mwanzoni watu walinuna. Sasa wananipigia saa 4:31.

Leo ni lebo ya mawese, na mawese ni adui wa karatasi. Yule anayejaza chupa hushika kizibo kwa mkono wenye mafuta, tone linashuka begani mwa chupa, linaingia pembeni mwa lebo, na baada ya wiki lebo imekuwa na doa la rangi ya chungwa na ncha zimenyanyuka. Kwa hiyo naanza na stika yenyewe, mchoro unafuata. Nabandika sampuli tatu kwenye chupa, ya karatasi, ya plastiki, na ya plastiki iliyofunikwa juu. Nachovya kidole gumba kwenye mawese, nasugua pembe zote nne, naacha chupa dirishani hadi kesho. Mteja atachagua akiwa ameshika ushahidi, wala sitabishana naye kuhusu bei. Kingine, anataka lebo nyekundu. Mafuta mekundu, lebo nyekundu, nani ataiona rafuni? Namchorea nyeupe na kijani. Hiyo nyekundu nitamchorea pia, ndogo, aione mwenyewe.

Saa 4:30 napiga simu, nikianza na waliolipa advansi. Kijana wa bodaboda anapeleka bahasha ya Kagunga mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, Kibirizi kabla boti hazijaondoka mchana, ananitumia picha ya nahodha akiwa ameishika.

Karibu saa 6 anaingia mama wa dagaa kutoka Katonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na neno. Niwekee na kile kialama cha TBS, wateja wa Dar wanakiulizia."

"Leseni ya kukitumia umeshapata?"

"Bado. Lakini mwenzangu kakiweka, na hana."

Mazungumzo haya yananirudia mara kwa mara, na hapa ndipo mchoraji anapojulikana ni mfanyabiashara au ni mkono tu unaokodishwa. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, haiwekwi bila leseni, hata mteja akilia. Mzigo ukikamatwa, jina langu litatajwa pamoja na lake. Ila kumwambia "haiwezekani" na kuishia hapo ni kumfukuza aende kwa atakayeiweka. Namwelekeza aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wampe barua ya utambulisho kwa ajili ya TBS, na kwenye lebo namwachia pengo dogo chini ya uzito halisi.

"Kwa hiyo nalipia pengo?" anacheka.

"Unalipia kutochorewa upya leseni ikitoka, mama."

Tunakubaliana. Inakuja advansi. Sharti langu ni nusu kabla ya kuanza, na yeye anasema: "Giza likianza nitakupa."

Asiye wa ziwani angedhani anapigwa danadana. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawajikusanyi vizuri kwenye mwanga, basi vyombo vingi vinapumzika siku kadhaa. Fedha ya mwaloni inakuja na giza na kuondoka na mwezi mpevu. Kumdai mama wa dagaa siku za mbalamwezi ni kumtafutia ugomvi bure. Kalenda yangu ya ukutani ina duara kwenye kila mwezi mpevu, na tarehe zote za malipo ya watu wa dagaa nimezipanga kwenye giza. Siku za mbalamwezi nakula kwa watu wa sabuni, asali na mawese. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ndipo ilipoonekana wazi hatari ya kutegemea wateja wa aina moja. Jiulize wewe uliko: wateja wako wanapata fedha lini? Mwisho wa mwezi, msimu wa mavuno, au siku ya gulio? Ankara yako ifike siku hiyo.

Chakula cha mchana: ugali wa muhogo na mgebuka. Nakula nimekaa mbali na meza ya kazi.

Saa 8 hadi 10 ni marekebisho. Profoma yangu, yaani karatasi ya bei ninayompa mteja kabla ya kazi, inasema wazi kwamba marekebisho ya bure ni awamu mbili, ya tatu inalipiwa. Tangu niliandike hilo, watu wanakusanya maoni ya familia nzima kabla ya kunijibu. Saa 10 jioni faili inakwenda Dar: maandishi yamegeuzwa michoro, rangi ni za uchapaji, milimita 3 za kukatia kila upande.

Jioni ni hesabu. Malipo ya kazi yanaingia lipa namba, ile ya kupokelea fedha za biashara kwa simu, ya nyumbani yana laini yake. Taasisi inapokata kodi ya zuio, asilimia 5, nadai cheti cha makato siku hiyohiyo, kwa sababu ni kodi yangu iliyokwisha kulipwa. Dada wa sabuni aliyekuja kuchukua stika ananiuliza daftari la mauzo lina faida gani kwake, mtu mdogo. Nampigia hesabu kwa viwango vya mwaka 2023. Mauzo ya milioni 6 kwa mwaka bila kumbukumbu, kodi ni shilingi 100,000. Akiwa na kumbukumbu, ni asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Ameniomba nimchoree na jalada la daftari. Hilo halina bei, ni nyongeza.

Kazi ya mwisho ni profoma ya kikundi cha wakulima wa kahawa wa Buhigwe. Wanataka bei moja kwa mfuko. Nawapa mistari mitatu: kuchora, kuchapa, usafiri. Uchapaji na usafiri hupanda na kushuka huko Dar, na mteja akiona jumla tupu atakata palepale anapodhani hapana gharama, kwenye kuchora. Wakitaka punguzo, wachague karatasi nyepesi au waagize mifuko mingi zaidi. Mstari wa kwanza hauguswi.