Kuvua nchi kavu kwenye pwani ngeni: nilivyofanikiwa

Anayevua kutoka kwenye miamba akiwa safarini ana shida ambayo mwenye chombo hana. Mwenye chombo akikosa hapa anahamia kule. Wewe umesimama juu ya jiwe moja, na samaki asipopita mbele ya jiwe hilo, basi. Wenyeji wanajua tundu la chewa liko wapi na samaki huingilia mlango gani maji yakianza kujaa. Mgeni anaona buluu tupu inayofanana kote. Ndiyo maana safari hii asubuhi ya kwanza nilikwenda pwani bila fimbo ya kuvulia. Nilibeba simu ya kupigia picha na viatu vyenye soli inayoshika, nikaenda kuangalia sakafu ya bahari ikiwa wazi.

Safari yenyewe niliipanga kwa kufuata mwezi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo maji hujaa sana na kutoka sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, kwa hiyo mengi hubaki yamefunikwa. Kwa mtu anayetaka kuijua pwani haraka, bamvua ni zawadi. Nilitazama jedwali la maji la eneo hilo, nikafika saa moja kabla hayajafika mwisho wa kupwa, ili niyafuate yakitoka na nisikute yamekwisha kugeuka.

Kutoka juu mwamba ulionekana tambarare. Kumbe chini ulikuwa umekatwa na mfereji mwembamba wa mchanga, unaotoka kwenye kilindi na kuja hadi karibu kabisa na ukingo. Pande zote mbili za mfereji kulikuwa na matundu yenye kivuli, na juu ya mawe kaa wadogo walikuwa wakikimbia huku na huku. Mbele ya tundu moja palirundikana maganda ya kaa na kombe, dalili ya pweza. Nilifurahi sana kuuona mfereji ule. Samaki mwindaji hapendi kupita juu ya mawe makavu ambako maji hayajafika tumboni. Anafuata kina, na kina kilikuwa pale.

Sasa tatizo ni kwamba maji yakijaa mfereji hauonekani tena. Nilitumia njia ya mabaharia ya kuoanisha alama mbili za nchi kavu: nikisimama kwenye jiwe fulani, na mti uliopinda ukawa juu kabisa ya ufa mweupe wa jabali la mbali, basi nimeelekea kinywa cha mfereji. Nikapiga picha kutoka kila mahali ambapo ningeweza kusimama kuvua. Pia nilitafuta njia ya kutokea, na kuangalia ni jiwe lipi lingefunikwa kwanza nyuma yangu. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Kwa kadirio la wavuvi, yakichukua saa sita kujaa, nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Mtu anayeona saa ya kwanza imepita kimya anaweza kudhani ana muda, kisha ghafla njia yake ya kurudi imekuwa mkondo.

Na mawimbi ni habari nyingine. Mawimbi makubwa yanaweza kutoka kwenye dhoruba iliyo mbali mno, siku ambayo hapo ulipo hakuna hata upepo. Huja kwa makundi: madogo mengi, halafu machache makubwa. Siku ya kuvua niliketi juu, mahali pakavu, nikayatazama kwa nusu saa kabla ya kushuka. Mwanangu alichoka kusubiri. "Baba, mbona hatutupi? Wimbi lenyewe dogo." Nikamwonyesha mwamba uliolowa juu ya pale alipotaka kusimama, nikamuuliza nani aliulowesha. Dakika chache baadaye kundi la makubwa likaja na kupasukia palepale. Hakuuliza tena. Tulivaa majaketi okozi sote wawili, na tukasimama juu ya mstari wa maji.

Vifaa havikuwa vingi. Fimbo ya vipande vinne inayoingia kwenye begi, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ya ukubwa wa kati, na nailoni. Watu wengi siku hizi wanapenda uzi wa kusuka kwa sababu haunyumbuki na unahisi kila mdonoo. Kwenye mchanga nakubaliana nao. Kwenye miamba, uzi huo ukiguswa na jiwe ukiwa umekazwa hukatika upesi, kwa hiyo mwishoni mwa mshipi nilifunga kipande kirefu cha nailoni nene. Chubwi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi, nililifunga kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Likikwama kati ya mawe, uzi ule hukatika wenyewe, na samaki na ndoana vinarudi. Kila fundo nililowanisha kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kupoteza nguvu.

Chambo kilikuwa kaa wa palepale. Nilikuwa nimeuliza kwanza kama inaruhusiwa, maana pwani nyingi zina hifadhi ambamo huruhusiwi kuokota hata ganda, na nyingine zinadai kibali cha kuvua. Samaki anayekula kaa kila siku hahitaji kushawishiwa.

Maji yalipoanza kuingia kwa nguvu nikatupa kwenye alama yangu, kinywani mwa mfereji. Mdonoo wa kwanza ulikuwa wa samaki wadogo wanaobandua chambo, kisha kimya, kisha mvuto mmoja mzito. Nilitumia ndoana ya mviringo, na hiyo haitaki mtu aikurupushe fimbo. Unazungusha rili taratibu, nayo inateleza na kushika pembeni mwa mdomo. Alikuwa chewa. Chewa akishikwa hukimbilia tundu lake, hivyo sikumpa nafasi hata kidogo. Wa pili aliingia. Nikalegeza mshipi kabisa nikasubiri, naye alipodhani yamekwisha akatoka mwenyewe. Kumtoa majini sikumnyanyua kwa fimbo. Nilingoja wimbi limpandishe juu ya ukingo, na lilipokuwa linarudi nikamvuta kwenye jiwe. Kushuka kumfuata samaki ukingoni ni jambo nisilolifanya kwa samaki yeyote.

Jioni tulihamia ufukweni. Huko hakuna mawe ya kusoma, unasoma povu. Mawimbi yakivunjika meupe mbali, pale kuna fungu la mchanga. Kati ya fungu na nchi kavu, maji yaliyo meusi kidogo ni mfereji, na samaki wanapita humo kutafuta kilichofukuliwa na wimbi. Mwanangu alitaka kutupa mbali kwa nguvu zake zote. Nilimwambia atupe karibu, hatua chache tu ndani ya weusi ule, akapata kolekole mdogo mwenye nguvu za ajabu. Alimpima samaki yule urefu yeye mwenyewe, akaona hajafikia kipimo kinachoruhusiwa, akamrudisha kwa mikono iliyolowa ili asimbandue utelezi wa ngozi.

Wale wawili wa asubuhi niliwaua mara moja, nikawatoa damu na matumbo, nikawatia kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, ambayo hupoza haraka kuliko barafu tupu isiyo na maji. Vipande vya nailoni vyote tuliviokota, vyetu na tulivyovikuta. Usiku niliimwagia rili maji yasiyo na chumvi kidogokidogo bila kuipulizia kwa nguvu, kwa sababu maji ya kasi husukuma chumvi ndani, nikailegeza breki yake na kuiacha ikauke.