Kabla watoto wetu hawajasimuliwa na wengine

Ijumaa ya tatu ya Novemba huku Ujerumani ni siku ya kuwasomea watoto, na shule nyingi hualika wazazi darasani. Nilijiandikisha mapema. Mwalimu wa mwanangu akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nisihangaike na kitabu, kwa kuwa kwetu tunasimuliana tu. Nikiweza nije na ngoma.

Ndugu zangu, niliondoka pale nimefura. Si kwamba kusimulia ni aibu. Bibi yangu alinilea kwa hadithi na sijaona mwalimu aliyemzidi. Kilichonichoma ni ile "tu". Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728. Mwana Kupona, mama kama mimi, alimtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, wakati Ujerumani yenyewe haijawa nchi moja. Leo mtu ananiambia mbele ya mwanangu kwamba sisi ni watu wa ngoma, na mtoto ana miaka minane, anasikia na anameza.

Tena jibu liko humu humu Hamburg. Pale makaburi ya Ohlsdorf amelala Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar. Aliolewa na Mjerumani mwaka 1867, na mwaka huo huo akafika mji huu. Mwaka 1870 mume akapata ajali ya tramu akafa, akamwachia watoto watatu ugenini, bila ndugu wa kumshika mkono. Mwenye kuishi huku anajua uzito wa hilo bila kuelezwa. Akakaa akaandika maisha yake ya Zanzibar, na aliyaandika kwanza kwa ajili ya wanawe, wajue mama yao katoka wapi. Yakachapishwa mwaka 1886. Kila nikifikiria mama yule na kalamu yake napata nguvu za kuamka.

Basi nikaenda darasani na Salme. Nilisimama nikasema "Paukwa!" Kimya. Mwanangu peke yake, kutoka nyuma, akaitika "Pakawa!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake pale shuleni. Nikawafundisha wote, na mara ya tatu madirisha yalitikisika. Nikawasimulia kwa Kijerumani changu jinsi Salme alivyotaka kuandika, na wakati ule wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Akajificha, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, moja baada ya moja, mpaka mkono ukajua. Mtoto mmoja akauliza kama mfupa ulinuka. Mwingine akataka kujua ngamia ana mifupa mingapi ya namna ile, maana yeye angeandika kitabu kizima. Dakika zangu zikaisha na mikono bado iko juu. Mwalimu, sitamnyima haki yake, aliniomba nimwandikie jina la Salme na mahali lilipo kaburi, na akaniambia ameishi mji huu maisha yake yote bila kumsikia.

Wewe unayepanga kuja, najua unahangaika na viza, bima na vyeti vya kutafsiri. Hangaika, ni lazima. Lakini kabla hujapanda ndege, keti na bibi au babu yako, washa simu, mrekodi. Muulize ukoo ulitoka wapi, nani alihama na kwa nini, nyimbo gani ziliimbwa msibani. Na katika kilo za begi zako punguza dagaa, weka vitabu vya Kiswahili vya watoto. Kitabu unachonunua Dar kwa bei ya chipsi mayai, kukifuatisha huku kwa posta utalia. Usijidanganye kwamba utawafundisha watoto "wakikua kidogo". Wakianza shule Kijerumani kinaingia ndani mpaka sebuleni, na maswali juu ya kwao wanaulizwa wao, si wewe.

Kwangu sasa Jumapili jioni simu zinawekwa kabatini. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasimulia upya kwa maneno yake, na akikosea jina anarudia. Wiki hii ni zamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kuandika desturi za Waswahili kwa mkono wake. Mkubwa wangu ana miaka kumi na miwili. Yeye nimeshamwanzia habari za Majimaji, vita vya babu zetu dhidi ya utawala wa Wajerumani, na za Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni waliyemnyonga mwaka 1906. Ameniuliza kwa nini rais wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha Novemba 2023 na shuleni hawajamwambia. Nimempa daftari aliandike swali hilo, Jumatatu alipeleke kwa mwalimu wake wa historia.